Historia ya Vitu Vitamu kwa Rangi za Mawe

Kwetu Kolwezi hakuna mtu anayekula kitu kitamu baada ya bukari. Bukari ni ule ugali wetu, na ukishaingia tumboni mlango umefungwa: unanawa mikono, unashukuru, unaegemea ukuta. Kitu kitamu ni cha asubuhi, au cha njiani, au cha mgeni aliyetokea bila kutangaza. Ndiyo maana siku niliyokuta, ndani ya sanduku la vitabu vya chapeli, kanisa letu dogo, kitabu cha Kifaransa kinachowasimulia watoto historia ya deseri, vile vitamu vya baada ya chakula, kwa picha, nilikaa palepale kwenye sementi nikaanza kufungua polepole, kama mtu anayechungulia dirisha la nyumba ya watu wakiwa mezani.

Hakikuwa na jalada, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'oka. Mimi Kifaransa nakisoma kwa kidole, neno kwa neno, maana shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari. Lakini picha hazina darasa. Kulikuwa na wafalme wa zamani waliotuma watu mlimani kuleta barafu, ichanganywe na maji ya matunda kabla haijayeyuka. Kulikuwa na gato, yaani keki, refu kuliko mtu, lenye madirisha ya sukari. Kulikuwa na bibi mmoja mnene akimimina shokola kutoka juu sana, uzi mmoja mweusi usiokatika.

Niliwaota wale wabeba barafu wiki nzima. Asubuhi nilikuwa nikikaanga bitumbula vyangu, yaani maandazi madogo ya mviringo ninayouza karibu na shule, na mafuta yakianza kuimba mimi nilikuwa niko mbali, nakimbia mlimani na barafu begani, naisikia ikidondoka tone tone mgongoni. Wateja walinirudisha.

"Dada, bitumbula byako binaungua."

"Acha biungue kidogo. Niko safarini."

"Basi uniletee zawadi."

Nyuma ya chapeli ya mtaa wetu kuna chumba kidogo, dirisha moja, mkeka mmoja. Tata katekista, yule mzee anayefundisha mafundisho ya dini, ndiye anayeshika ufunguo. Alikuwa amenipa kile chumba Jumamosi mchana niwasomee watoto wadogo, na alinipa kwa masharti.

"Nakupa juu batoto banakupenda," alisema. "Lakini mama moya tu akikuya kulalamika, mi nafunga. Bantu ba kwaya beko banangojea fasi ya kutia ngoma yabo."

"Ndiyo, tata," nilisema, nikaushika ule ufunguo kama mtu aliyekabidhiwa jimbo zima.

Sitaficha: ile Jumamosi ilikuwa ndiyo kila kitu changu. Siku sita mimi ni yule dada wa bitumbula. Siku ya saba, Jumamosi, watoto waliniita mwalimu, neno ambalo hakuna mwingine duniani aliyewahi kunipa. Ningepoteza kile chumba ningebaki na sufuria ya mafuta, na sufuria haina masikio.

Basi nikawasomea ile historia ya deseri, Kifaransa nikikigeuza Kiswahili njiani, na pale nisipoelewa niliongeza yangu. Walikuwa watoto kumi na kitu. Aliyekaa karibu kabisa alikuwa msichana wa miaka minne, mtoto wa jirani yetu, ambaye hasikii hadithi bila kuweka pua juu ya karatasi. Mama yake huosha mawe mtoni, yale ya shaba na kobalti yanayochimbwa na vijana, na jioni alikuwa akipita kumchukua akiwa bado amelowa mpaka magotini.

Nilipofika kwenye ukurasa wa mwisho uliobaki, yule mdogo akauliza, "Na yetu iko wapi?"

"Yetu nini?"

"Gato yetu."

"Gato yenu ni mukate ya jana," mvulana mmoja mkubwa kidogo akamjibu, na mkeka mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Aliendelea kunitazama, akingoja nifungue ukurasa wenye yetu.

Nilifungua mbele, nikafungua nyuma. Kweli hatukuwamo. Barafu ya wafalme ilikuwamo, na maziwa ya watu wa mbali, na tende za jangwani. Sisi hapana. Nikamwambia, "Yetu bado wanaiandika." Na njiani kurudi nyumbani nikagundua kwamba nilikuwa nimesema uongo ambao naweza kuufanya uwe kweli.

Nilianza na nkambo, bibi yangu, ambaye siku hizi anashinda mlangoni akipepeta hewa tu, hata kama ungo hauna kitu. Alizaliwa huko kaskazini mwa Katanga, akaletwa mdogo Lubudi, mji wa reli. Nilimuuliza kitu cha kwanza kitamu duniani ni nini, akajibu bila kufikiri.

"Asali. Kuko kandege kanakuita mu pori. Kanaruka, kanakungojea, kanaruka. Unakafuata mpaka ku nyuki."

"Na kenyewe kanapata nini?"

"Unakaachia kipande. Ukikula yote, siku ingine hakatakuita tena."

Halafu akaniambia juu ya masuku, yale matunda ya porini ya rangi ya udongo ambayo hayachumwi. Unangoja yaanguke yenyewe mvua zikianza, na unalala usingizi ukisikia yakianguka. Akaniambia juu ya muwa. Akaniambia juu ya munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi na mizizi, kinachopata utamu wake peke yake usiku mmoja bila mtu kutia sukari. Na sukari yenyewe, alisema, aliiona mara ya kwanza pale stesheni ya Lubudi, gunia limepasuka, watoto wanalamba vidole na kuvichovya chini tena.

"Nilisema: ii chumvi, banailoga."

"Ilikuwa mwaka gani, nkambo?"

"Mwaka ya mutoto wa kwanza wa dada yangu. Andika vile."

Niliandika vile. Naamini historia nyingine zote pia zilianza hivyo, kabla watu wenye kalamu nzuri hawajaziwekea namba.

Maneno nilikuwa nayo sasa, lakini kitabu cha watoto ni picha, na kalamu zangu za rangi zilikuwa zimeisha zote isipokuwa ya zambarau. Huwezi kuchora historia ya utamu kwa zambarau. Nilikaa nikizitazama kurasa zangu tupu, na hapo yaya wangu, kaka yangu mkubwa, akarudi kutoka Mutoshi anakochimba, akamwaga mifuko yake mlangoni kama kila siku. Yakaanguka mawe. Moja lilikuwa la kijani.

Mtu asiyetoka huku hawezi kujua kile kijani. Si cha jani, si cha chupa. Ni kijani kilichokaa gizani muda mrefu kikijifikiria, na kina mistari myembamba kama ya kucha. Hata kile kitabu cha Kifaransa, na wafalme wake wote, hakikuwa nacho.

"Yaya, nipe ile."

"Ya nini?"

"Ya kupika."

Akacheka, akanipa, na jeusi moja juu yake.

Nikayaponda kwenye kipande cha chuma, nikachekecha kwa kitambaa cha zamani. Kwa maji matupu, rangi ilikauka ikadondoka kama unga. Kwa uji wa muhogo, ikapasuka kama ardhi ya kiangazi. Halafu nikakumbuka ile chupa ya asali tunayonunua kwenye barabara ya Lubudi, yenye vipande vya nta na nyuki mmoja aliyezama ndani. Nikatia tone. Rangi ikalala kwenye karatasi, ikang'aa, ikakaa mbichi kama imetoka mvuani. Nikachora muwa ukurasa mzima, kijani juu ya kijani. Nikachora gato la harusi kwa lile jeusi na udongo mwekundu wa uani kwetu, na bibi harusi amepiga magoti akiwalisha wakwe. Nilichora siku nane. Nilikuwa nikiota mchana nikiwa macho: wale wabeba barafu wanashuka mlimani wanafika stesheni ya Lubudi, wanamkuta nkambo mtoto, vidole vyeupe vya sukari, na kila upande unaonja cha mwenzake.

Jumamosi nikawaonyesha. Wakasogea mpaka magoti yao yakagusa kitabu. Nilisoma asali, nikasoma masuku, na kabla ya muwa upepo ukaleta vumbi, nikainuka kufunga dirisha. Nilipogeuka, yule mdogo alikuwa ameinamia kitabu, na ulimi wake ulikuwa wa kijani.

"Unafanya nini?"

"Nalamba muwa. Ni tamu."

Nilicheka. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko yote: nilicheka kwanza, kwa fahari, kwamba muwa wangu ni muwa mpaka unalambwa. Na mama yake alikuwa amefika mlangoni, miguu imelowa, akakisikia kicheko, akatabasamu naye, mpaka mtoto alipomgeukia.

"Anakula nini?"

"Hakuli, mama. Ni rangi ya buku."

"Rangi ya wapi?"

"Ya jiwe. Yaya njo alileta, ya Mutoshi."

Yeye kile kijani anakijua kunizidi, anashinda nacho mtoni siku nzima. Alichukua pembe ya kitenge chake, akamwagia maji ya chupa, akaanza kuufuta ulimi wa mtoto, akafuta, akafuta, mpaka mtoto akalia na ulimi ukawa mwekundu. Kisha akambeba akaondoka.

Nilibaki nimesimama na brashi ya manyoya ya mbuzi niliyokuwa nikionyeshea picha, na hapo nikalikumbuka beseni letu. Kwetu nyumbani yaya haruhusiwi kushika hata kikombe akitoka kuchimba. Beseni linamngoja nje, na sabuni, ananawa mpaka kwenye viwiko, nguo zake zinaning'inizwa nje peke yake. Anayemmwagia yale maji ni mimi. Miaka yote mimi ndiye ninayemwambia, "Bado kucha." Kila nyumba ya mtaa wetu ina beseni kama hilo. Na mimi huyo huyo nilikuwa nimelichukua lile jiwe, nikalisaga laini, nikalitia asali, nikaliweka mbele ya watoto.

Niliwafuata kituo cha afya nikikimbia. Muuguzi alimtazama mdomoni, akamnywesha maji, akasema alilolamba ni kidogo, akitapika au akiumwa tumbo arudishwe haraka. Siku mbili nilikuwa nikipita mbele ya mlango wao na kapu la bitumbula, nikijifanya ndiyo njia yangu. Siku ya kwanza nilimwona amelala kwenye mkeka, nikatua kapu kumsikiliza akipumua. Alikuwa amelala usingizi tu wa mchana. Siku ya pili alikuwa anamfukuza kuku. Sijawahi kumpenda kuku kama yule.

Yaya alikichukua kitabu changu, akakifunga ndani ya mfuko wa plastiki, akakirudisha Mutoshi, akakifukia.

"Siku moya muchimbaji atakikuta," aliniambia akijaribu kunichekesha. "Atalia kwamba anaisha kufika ku mushipa wa gato."

Nilijaribu kucheka, kwa ajili yake.

Jumamosi iliyofuata nilifungua chumba, nikatandaza mkeka, nikakaa. Hakuja hata mmoja. Niliwasikia wakicheza uwanjani, nikasikia mama mmoja akimwita wa kwake arudi, asisogee upande wa chapeli. Tata katekista akaja akasimama mlangoni, akatazama mkeka, akanitazama.

"Hakuna mama mwenye kulalamika," alisema. "Lakini hakuna mutoto. Mi naona ni sawasawa."

"Nipe Jumamosi moya, tata."

"Moya."

Nilienda kwanza kwa yule mama. Alikuwa uani anachambua mboga, hakuniambia niketi, hakuniambia niondoke.

"Mama, nakuomba musamaha."

"Mi sina kasirani na weye," alisema, bila kuinua macho. "Lile jiwe nalishika kila siku. Nanawa mara tatu mbele ya kumushika huyu mutoto. Mara tatu. Weye unamupikia lile jiwe na asali."

Alikuwa amelisema kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayesoma jina la dawa. Nilimwambia nitakitengeneza upya kwa vitu vya jikoni tu, na nikamwomba aje yeye mwenyewe, na mama wengine, Jumamosi. Akasema Jumamosi ni mbali.

Nikaanza tena. Kwa hudhurungi nilichemsha kahawa mpaka ikabaki kijiko. Kwa njano nilitumia bizari ya mchuzi. Ngai-ngai, ile mboga chachu yenye miguu myekundu, ilinipa rangi ya waridi nzuri sana, nikaitumia kwenye gato la harusi hata pasipohitajika. Mafuta ya mawese yalinipa rangi ya chungwa, yakapenya kurasa tatu nyuma, kwa hiyo nyuki wangu wana kivuli mpaka kwenye masuku. Kijani ndicho kilichonitesa. Nilisaga matembele, nikapaka muwa. Jumatano ulikuwa kijani, Alhamisi ulikuwa wa jeshi, Ijumaa ulikuwa kama muwa wa mwaka jana. Nililikumbuka lile jiwe langu, siwezi kusema uongo. Kitabu cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Kilinuka mchuzi, nzi wakakipenda. Nkambo alikinusa akauliza kama tutakula mapema.

Jumamosi walikuja akina mama wanane, na watoto wao, lakini watoto walikaa mapajani au mgongoni, hakuna aliyewekwa kwenye mkeka. Yule mama aliingia wa mwisho, miguu mikavu, amevaa kitenge cha kanisani, mtoto kiunoni. Tata katekista alikaa dirishani, upande wa nje.

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Nikawaonyesha asali na kale kandege, nikawaonyesha gunia lililopasuka stesheni. Nilipofika kwenye gato la harusi, yule mdogo akaona ile rangi ya waridi ya ngai-ngai, akainama kutoka kiunoni kwa mama yake, akanyoosha mkono. Mama akaudaka ule mkono hewani, akaushika.

Wote wakanitazama mimi.

"Kwetu," yule mama akasema, "mwenye kuleta kinywaji, yee njo anakunywa wa kwanza. Mbele ya batu."

Alikuwa na haki. Hata munkoyo, hata maji tu ya mgeni, mwenye nyumba anaonja kwanza, kikombe ndipo kinapozunguka. Nikaelewa anachotaka, na nikaona pia jinsi nitakavyoonekana. Nikakiinua kitabu, nikaulamba ukurasa. Sikulamba pembeni, nililamba katikati ya gato, kutoka juu mpaka kwenye meza, bibi harusi na wakwe wote wakapita ulimini kwangu. Ulikuwa mchachu, halafu mchungu, halafu kama moshi.

"Haina sukari," nikasema.

Mama mmoja nyuma akaanza kucheka, akajificha kwenye kitenge. Yule mama hakucheka. Alilowesha kidole mdomoni, akakipitisha kwenye gato lilelile, akakirudisha ulimini, akakaa nacho, kama anavyoonja uji wa mtoto kabla ya kumpa.

"Kahawa ulichoma mingi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Soma."

Nikafungua munkoyo. Sikumaliza mstari wa pili.

"Apana," akasema. "Weye unaongopa batoto. Mizizi haitiwi vile mu sufuria. Kwanza unaiponda, inakuwa sawa nyuzi. Njo unaitia, na uji ishapoa."

"Ishapoa kidogo tu," mama mwingine akamkatiza. "Ikiisha kupoa yote haitakuwa tamu."

"Kwenu Sandoa labda."

"Kwetu Sandoa tunakunywa munkoyo, hatukunywi maji ya muti."

Chumba kizima kikaingia, kila mmoja na nyumba ya mama yake, na mimi nimeketi katikati na kitabu changu kinachonuka mchuzi, nikisikiliza historia ikinipita kushoto na kulia kwa kasi nisiyoweza kuiandika. Nikatoa kalamu. Nikamnyooshea yule mama, na ukurasa wa munkoyo.

"Mi sijue kuandika," akasema.

"Ni ya kuchora tu, mama. Ile mizizi, sawa nyuzi."

Aliitazama ile kalamu. Kisha akamshusha mtoto wake kiunoni, akamkalisha kwenye mkeka mbele yangu, na mikono yake yote miwili ikiwa mitupu sasa, akaichukua.